Pazia la Babu Roelof

Kambi nzima ilimjua babu yangu kuanzia kitovuni hadi mapajani.

Halikuwa kosa lake. Karavani yake ni kinyumba cha magurudumu alichokivuta kwa gari hadi kambi hii ya mapumziko ya Drenthe, Uholanzi, miaka thelathini na moja iliyopita, na hajakivuta tena. Ina dirisha kubwa la mbele linalotazama njia ya kwenda mabafuni. Pazia la dirisha hilo ni la kuviringisha. Unalivuta chini, unalinasa kwenye kulabu mbili, na asubuhi ukilinasua linapanda lenyewe. Yaani ndivyo lilivyokuwa zamani. Siku hizi springi yake ilikuwa imechoka. Haikuwa na nguvu ya kulipandisha pazia, wala haikuwa na subira ya kuliacha chini. Usiku pazia lililegea, likachomoka kwenye kulabu, likapanda kiasi cha mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, likabaki hapo limepinda kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Asubuhi Babu aliposimama kutafuta suruali, watu waliokuwa wakienda kuoga na taulo begani walimwona. Walisema "Habari ya asubuhi, Roelof," na yeye akajibu "Njema," na maisha yakaendelea.

Kwetu huko si jambo. Hata nyumbani kijijini mapazia hayafungwi. Jioni ukipita barabarani unamwona kila mtu mezani kwake, unaona kama leo ni viazi au ni maharagwe. Mtu akifunga pazia mchana, majirani huhesabu sababu mbili tu: kuna mgonjwa, au kuna jambo.

Kwa hiyo Jumanne ile Babu aliponiambia anataka pazia lishike, nilidhani anaumwa.

"Lishike kabisa, Jantien," alisema. "Mchana. Kabla ya Ijumaa saa nne."

"Kwa nini Ijumaa?"

Alisimama, akachungulia nje, akarudi, akakaa. Ng'ambo ya njia, hatua kumi na mbili tu kutoka mlangoni kwake, Bi Geesje alikuwa mbele ya karavani yake akifuma kitu cha kijani. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo.

"Ijumaa saa sita mchana anapeleka fomu ofisini," Babu alisema kwa sauti ya chini. "Anaachia kiwanja. Bintiye amemwandalia chumba mjini Groningen, ghorofa ya tano. Karavani inauzwa. Basi."

"Na wewe?"

"Mimi nataka kumwambia asiende."

Hakuna kitu ambacho babu yangu amewahi kukitaka mbele yangu zaidi ya siagi. Alikuwa fundi wa pampu za maji maisha yake yote, na mambo yake ya moyoni aliyaweka chini ya ardhi kama mabomba. Nilijikuta nimemshika mkono.

"Basi mwambie, Babu! Vuka njia, mwambie!"

"Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza akapita Truus na karai la vyombo. Akasimama, akatueleza habari za sufuria yake. Mara ya pili Bertus. Mara ya tatu Bertus na Truus."

"Mpeleke matembezi msituni."

"Goti lake halitaki."

"Baiskeli?"

"Goti ni lile lile, Jantien, halibadiliki likiona baiskeli." Alilitazama pazia lake lililopinda. "Nitamwalika kahawa humu ndani. Nifunge hilo pazia, niseme maneno mawili bila Bertus kuniangalia. Basi. Na mtu asijue."

Niliapa. Lazima niseme hapa kwamba nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwezi uliotangulia. Tasnifu yangu ilihusu namna vijiji vyetu vinavyofikia uamuzi bila kupiga kura: watu hukaa, hunywa kahawa, huzungumza, mpaka kila mmoja apoteze kidogo na kila mmoja apate kidogo. Niliipenda tasnifu hiyo. Niliamini, na bado naamini, kwamba hakuna tatizo duniani linaloweza kuwashinda watu waliokaa kwenye duara. Kazi nilikuwa sijapata. Imani nilikuwa nayo.

Jumatano asubuhi nilipanda juu ya sofa, nikalichomoa pazia kwenye vishikio vyake viwili. Ni gongo refu lenye kitambaa, na ndani yake springi. Upande mmoja umetoka ulimi wa chuma bapa. Nilidhani nikiuzungusha ule ulimi kwa vidole springi itakaza. Nikauzungusha mara mbili, ukaniponyoka, na lile gongo likalia krrrrrr kama kuku aliyekanyagwa. Nguvu yote iliyobaki ikatoka. Sasa pazia halikulegea tena. Lilikuwa shuka.

"Nahitaji koleo," nilimwambia Babu.

"Usiende kwa Bertus."

Lakini Bertus ndiye mwenye koleo. Alikuwa fundi wa lifti miaka arobaini, na nyuma ya karavani yake ana kibanda cha vifaa ambacho mkewe Truus anakiita "yule mwanamke mwingine". Nilienda nikamwomba koleo kwa sauti ya kawaida, ya mtu asiyeficha kitu.

"Koleo la nini, binti?"

"La kushikia."

"Kushikia nini?"

Kambini kwetu chombo hakiazimwi peke yake. Ukiazima nyundo, inakuja na mwenyewe. Dakika tano baadaye Bertus alikuwa amesimama juu ya sofa la Babu na soksi zake za kijivu, akiligeuzageuza lile gongo na kucheka puani.

"Roelof, hili linataka mizunguko ishirini na nane."

"Nani kakuambia?"

"Mikono imeniambia. Lifti au pazia, kitu cha kupanda ni kitu cha kupanda."

Mlangoni akatokea Evert. Evert alifundisha fizikia sekondari hadi alipostaafu, na bado huongea kana kwamba nyuma yake kuna ubao. Alikuwa akipita tu, alisema, na karatasi ya chooni kwapani, jambo lililoonyesha kweli alikuwa akielekea mahali.

"Ishirini na nane utalipasua paa," alisema. "Kitambaa hiki uzito wake ni mdogo. Kumi na miwili."

"Kumi na miwili unamviringishia mtoto mwanasesere!"

"Bertus, springi haisikilizi makelele."

"Na wewe huendi ulikokuwa unaenda?"

Babu aliniangalia. Yalikuwa macho ya mtu aliyeficha yai mfukoni akaona watu wanakuja kumkumbatia.

"Na mnalitakia nini pazia, kwani?" Bertus aliuliza. "Miaka yote hii umeishi na dirisha wazi."

"Jua," alisema Babu. "Linababua sofa."

Wote wanne tuligeuka tukatazama nje. Ilikuwa siku ya tisa ya mvua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa upendo. Nilisema, "Tuite kikao."

Saa nane mchana, mawingu yalipopasuka kidogo, kila mtu alikuja na kiti chake, kama kawaida. Tulikaa duara kwenye nyasi mbele ya karavani ya Babu: Bertus, Truus, Evert, mimi, Babu, na Bi Geesje. Babu alikuwa amenisihi Bi Geesje asialikwe. Lakini anaishi hatua kumi na mbili kutoka hapo. Ukiweka viti vitano mbele ya pua ya jirani usimwite, hiyo ni vita. Alikuja na kiti chake na ufumaji wake wa kijani, akakaa mkabala na Babu, na Babu akaanza kutazama viatu vyake vya mbao kama aliyeviona leo.

Nilimimina kahawa. Babu akapitisha kopo la biskuti. Kila mmoja akachukua moja, na Babu akalifunga kopo kwa kiganja, pap, kama wanavyofanya watu wote wenye malezi mema, maana kwetu mgeni hupewa moja tu.

Nikafungua kikao. Nilikuwa na daftari na orodha ya wasemaji.

Bertus alisema ishirini na nane. Evert alisema kumi na miwili, akachora springi hewani. Truus alisema dada yake huko Zwolle alikuwa na pazia kama hilo na sasa dada huyo ni marehemu. Nilimwomba aeleze uhusiano. Alisema hakuna, ila alikuwa amemkumbuka tu. Bertus akarudi tena na ishirini na nane.

Bi Geesje aliinua sindano ya kufumia. "Mimi ningependa kusema kitu."

"Asante, Bi Geesje, wewe ni wa sita kwenye orodha," nilisema, nikaliandika jina lake vizuri, nikalipigia mstari.

Tulipofika wa nne mvua ilianza. Nikaona lazima niwasaidie wafikie mwafaka. Nikasema: Bertus ishirini na nane, Evert kumi na miwili, je, sote tunaweza kuishi na ishirini? Bertus alitafakari. Evert alitafakari. Truus alisema ishirini ni namba nzuri. Bertus akasema si anachokitaka, lakini anaweza kuishi nacho. Evert akasema hivyo hivyo. Nilikaribia kulia. Hiyo ndiyo tasnifu yangu, neno kwa neno, mbele ya macho yangu, kwenye mvua.

Springi haikuwa imesoma tasnifu yangu, lakini hilo sikulijua bado.

Bertus aliushika ulimi kwa koleo, mimi nikahesabu kwa sauti, na mzunguko wa ishirini ulipotimia tulilirudisha gongo kwenye vishikio. Tukavuta pazia, tukalinasa kwenye kulabu. Likashika. Tukapeana mikono. Bi Geesje alikuwa ameshavuka njia kurudi kwake na kiti chake kichwani kama mwavuli.

Waswahili wana haki wanaposema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini nadhani hatari zaidi ni manahodha waliokubaliana. Aliyeshindwa hoja hurudi kugomba. Aliyekubali nusu hurudi kimyakimya. Alhamisi, Babu alipokwenda kuoga, Bertus aliingia na koleo lake akaongeza mizunguko minane, ili haki itendeke. Alhamisi hiyo hiyo, Babu alipokwenda kununua mkate wa zabibu, Evert aliingia kupunguza minane. Hadi leo anaapa alipunguza. Mimi namwamini kwamba alikusudia. Ila alilishika gongo akiwa upande wa pili, na upande wa pili kupunguza ni kuongeza. Na Alhamisi jioni mimi, bila kujua wala huyu wala yule, nililigusa pazia, nikamfikiria Babu na maneno yake mawili, nikaongeza minne. Ya upendo.

Jumla ni arobaini. Hata fundi wa lifti hakuwa ameomba arobaini.

Ijumaa saa nne kasoro dakika moja, Babu alikuwa amevaa shati la harusi za watu. Meza ilikuwa na kitambaa. Nikachukua koti langu.

"Unakwenda wapi?"

"Nawaachia nafasi."

"Kaa. Ukitoka wataona umetolewa. Kaa hapo penye jiko, uwe kama huna habari."

Nikakaa penye jiko, nikawa kama sina habari.

Bi Geesje alikuja saa nne kamili, na goti lake, na aproni yake yenye mfuko mbele. Kwenye mfuko niliona ncha ya karatasi iliyokunjwa. Fomu. Babu naye aliiona.

"Karibu, Geesje. Kaa. Kahawa."

"Ahsante, Roelof. Shati hilo nani amekufa?"

"Hakuna. Ni safi tu."

Alimimina. Akampitishia kopo, Bi Geesje akachukua biskuti moja, kopo likafungwa, pap. Kisha Babu akasimama, akapumua kama mtu anayeingia maji ya baridi, akavuta pazia chini, akalinasa kulabu ya kushoto, akalinasa ya kulia. Karavani ikawa ya rangi ya chai.

Nje, njia ya mabafuni ilinyamaza. Niliisikia ikinyamaza. Karai moja liliwekwa chini.

"Geesje," Babu alianza. "Mimi kwa muda…"

PAA!

Pazia liliruka juu, likajiviringisha, likaendelea kujipiga makofi huko juu, tap tap tap tap. Mwanga ukatumwagikia. Na hapo nje, kwa umbali wa heshima, walikuwa wamesimama Bertus na koleo, Truus na karai, Evert na karatasi yake ya chooni, na watu wengine saba ambao sikujua hata majina yao. Wote wakatazama mawingu. Truus akapunga mkono.

"Mvua inakuja!" alituambia kupitia kioo.

Babu alilivuta tena. Kushoto. Kulia. Akalikazia macho kama mbwa asiyeaminika. Halikufanya kitu. Akageuka.

"Nilitaka kusema kwamba miaka hii yote…"

PAA! Safari hii chuma cha chini kiligonga kikombe, na kahawa ikaingia kwenye mkono wa shati la harusi za watu.

"Mnaendelea vizuri?" Bertus aliuliza kutoka nje. Ndugu yangu, kuta za karavani ni nene kama biskuti.

"Vizuri!" Babu aliguta.

Mara ya tatu alilivuta, akalinasa, na hakuliachia. Alisimama na mgongo dirishani, mkono mmoja ameuzungusha nyuma akilishikilia pazia kwa nguvu zote, kama abiria wa tramu kwenye kona. Uso ulikuwa umeiva. Mshipa wa shingo ulisimama.

"Geesje. Nataka kukuuliza jambo."

"Roelof," alisema Bi Geesje, "hilo pazia mmelizungusha mara ngapi?"

"Ishirini. Tulikubaliana."

"Hiyo si ishirini." Aliweka kikombe chini. "Nipe uma."

"Uma wa nini?"

"Wa kulia viazi. Jantien, mwanangu, nipitishie uma hapo. Roelof, liachie kabla halijakung'oa bega."

Babu aliliachia. PAA. Mawingu yakatazamwa tena.

Bi Geesje alipanda sofani kwa goti lake zima, akalichomoa gongo kwa mikono miwili kama anayemtoa mtoto bafuni, akalilaza mapajani. Aliupitisha ule ulimi bapa katikati ya meno ya uma, na polepole, kidogo kidogo, akaiachia springi ipumzike. Alihesabu chini kwa chini. Alipofika thelathini aliniangalia juu ya miwani. Nilitazama jiko.

"Wewe umejuaje?" Babu aliuliza.

"Miaka thelathini na minne, Roelof. Duka la mapazia, Assen. Nusu ya madirisha ya mji ule nimeyavisha mimi."

"Miaka kumi na moja tunakaa hapa hukuniambia!"

"Miaka kumi na moja hujauliza. Ukaniuliza kama nahitaji pampu."

"Ulikuwa unaihitaji?"

"Hapana."

Nilikumbuka daftari. Msemaji wa sita, jina limeandikwa vizuri, limepigiwa mstari. "Bi Geesje," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "Jumatano ulitaka kusema…"

"Nilitaka kusema mizunguko kumi na minne na uma. Lakini ulikuwa na orodha nzuri sana, sikutaka kuiharibu." Alinipigapiga shavu kwa mkono ulionuka siagi na chuma, na nikawa na miaka sita. "Usihuzunike. Wengine hata orodha hawana."

Alizungusha, akahesabu hadi kumi na nne, akalirudisha gongo. Akalivuta pazia. Lilishuka kama mtu anayekaa kitini. Akalinasa. Tukangoja. Halikufanya chochote. Hata nje walingoja. Sijawahi kusikia watu kumi wakingoja kwa sauti kubwa kiasi kile.

"Haya," alisema Bi Geesje, akakaa. "Limefunga. Uliza."

Na babu yangu, mwenye pazia lililofungwa kuliko yote katika mkoa wa Drenthe, alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alimtazama, akalitazama pazia, akamtazama. Alikuwa amepigania giza hili siku nne. Sasa amelipata, na halikuwa na maneno ndani yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano. Bi Geesje aligusa mfuko wa aproni yake kidogo tu, jinsi mtu anavyogusa tiketi kuhakikisha ipo. Nilitamani niseme mimi. Niliuma ulimi.

"Wamenyamaza wote huko nje," Bi Geesje alisema. "Hata ndege."

"Ndiyo."

"Ni jambo la aibu, hilo lako?"

"Hapana!"

"Umeua mtu?"

"Geesje!"

"Basi kwa nini unaniuliza gizani? Mimi kitu ninachoulizwa gizani sikijibu. Nina miaka sabini na minne, sianzi leo."

Akanyoosha mkono, akalinasua pazia. Likapanda taratibu, likaingia mahali pake bila kelele, na hapo nje wakawa kumi na wawili, maana wawili walikuwa wameongezeka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutazama mawingu. Hapo ndipo Babu alipoangalia dirishani, akamwangalia Bertus, akamwangalia Truus na karai lake, na nikaona mabega yake yakishuka kama springi iliyoachiwa. Wameshamwona bila suruali kwa miaka. Kimebaki nini?

"Usiende Groningen," alisema. Kwa sauti ya kawaida. Ya mtu asiyeficha kitu.

Bi Geesje aliiweka miwani yake sawa.

"Asubuhi nikiamka nakuona unapiga mswaki pale mlangoni," aliendelea. "Miaka kumi na moja. Nimezoea. Ukienda nitakuwa naangalia nyasi tu. Sina zaidi. Ndiyo hilo."

"Miaka kumi na moja unaniangalia nikipiga mswaki, na hujawahi kusema neno?"

"Ulikuwa na povu mdomoni. Nilidhani hutaweza kujibu."

Bi Geesje alianza kucheka. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha, na uso wake ukawa wa mtu anayehesabu nguo kabla ya kufunga sanduku. Nje hakuna aliyesogea. Nami nilijua, kwa hofu kabisa, kwamba anaweza kusema hapana. Binti yake ni mtu mwema. Chumba kimepakwa rangi. Ghorofa ya tano kuna lifti, na goti ni goti.

Alisimama. Sikuweza kumwangalia Babu.

Lakini hakwenda mlangoni. Alipanda tena sofani, akashika kishikio cha kulia cha gongo, akakitikisa. Kikacheza.

"Hiki kimelegea," alisema. "Skrubu haigusi mbao tena, tundu limepanuka. Hapa ndipo ugonjwa wako ulipoanzia, Roelof, springi mliionea bure. Hata ningelizungusha vipi, kikicheza hiki, baada ya mwezi utarudi pale pale."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Babu.

"Kinataka kikaratasi. Kigumu kidogo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akaitoa ile fomu. Akaikunja mara mbili. Akaikunja tena, na tena, ikawa nene na ndogo kama jino la farasi, akaisukuma nyuma ya kishikio kwa kidole gumba, akaikaza skrubu kwa jino moja la uma. Akakitikisa kishikio. Hakikucheza.

"Hapo," alisema. "Usiitoe. Kila kitu kitadondoka."

Babu alikaa chini. Alikuwa akitabasamu na machozi yanamtoka, na hakuna pazia lililomficha. Alisogeza kopo la biskuti katikati ya meza, akalifunua. Akaliacha wazi.

"Chukua nyingine," alimwambia Bi Geesje.

Huko nje Truus alishika kifua. "Bertus," nilimsikia akisema, "amempa ya pili."

Hapo ndipo walipoingia. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, na kwa desturi yetu kila mtu alimpongeza kila mtu. Hongera Roelof, hongera Geesje. Hongera Jantien kwa babu yako. Truus alimpongeza Evert kwa jirani zake. Bertus alinipongeza mimi kwa kikao kizuri, akaongeza kuwa, hasemi kitu, ila ishirini na nane ingetosha. Mwanaume nisiyemjua alinishika mkono akaniambia hongera, nikamwuliza yeye ni nani, akasema kiwanja cha arobaini na saba, anapita tu kwenda kuoga.

Tulikuwa kumi na watano ndani ya karavani ya watu wanne. Kopo lilizunguka, wazi, mkono kwa mkono. Bertus alichukua tatu.